Barua ya wazi kwa waandaaji wa matembezi ya Mbaraka Mwinshehe

Kihesa, Iringa

Kwa Mkurugenzi na uongozi wa kampuni iliyotupokea Morogoro mwezi Julai

Yah: Matembezi mliyotuuzia kwa jina la marehemu Mbaraka Mwinshehe, na mpango wenu wa kuyaleta Iringa

Waheshimiwa,

Kamwene. Kwetu Iringa mtu haanzi na madai kabla ya salamu, hata akiwa na uchungu, kwa hiyo nawasalimu kwanza na kuwaombea afya njema katika kazi zenu. Baada ya salamu, naandika nikiwa mwenyekiti wa kikundi cha wapenzi wa zilipendwa cha hapa Kihesa, watu 19 ambao mwezi Julai tuliwalipa ninyi mtutembeze Morogoro katika mitaa, nyumba na kumbi za mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Sikupenda jambo hili lifike hadharani. Siku tatu baada ya kurudi tuliwaandikia ujumbe. Wiki mbili zilipopita kimya, tulituma barua yenye saini zetu sote. Barua ya pili nilisafiri nayo hadi ofisini kwenu, nikamkabidhi mtumishi wenu kwa mkono wangu, naye akaigonga muhuri wa kupokelewa. Jibu tulilopata hadi leo ni simu moja, ambayo mpigaji alisema kwamba wazee wa Iringa tunapenda mno kulalamika na kwamba wageni wengine wote wamefurahi. Jina la kampuni yenu silitaji humu. Ninyi wenyewe mtajitambua, nami sitafuti kuwafungia riziki, natafuta mrekebishe.

Ni vizuri mjue mlikuwa na akina nani siku ile. Sisi ni walimu wastaafu, wauguzi, dereva wa zamani wa malori ya Zambia, mafundi cherehani wawili na mama lishe mmoja. Wengi wetu tulikua tukisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, katika nyumba ambazo betri zilianikwa juani ili zipate nguvu za kufikia kipindi cha jioni. Habari ya kifo cha Mbaraka ilipotangazwa Januari 1979 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, na nakumbuka bweni zima lilivyonyamaza, wavulana waliozoea kugombania redio wakikaa vitandani kama waliofiwa na kaka. Tuliposoma tangazo lenu tulianza kuweka fedha kwenye kibubu kila Jumamosi tulipokutana. Tuliwalipa shilingi 60,000 kwa kila mtu, jumla shilingi 1,140,000, kwa matembezi peke yake, mbali na nauli na chakula. Tulitoka Ipogolo saa kumi alfajiri, tukateremka Kitonga gizani, kukapambazuka tukiwa Ruaha Mbuyuni kwenye magunia ya vitunguu, tukavuka hifadhi ya Mikumi, na kabla ya saa nne tulikuwa Morogoro. Ni takribani kilomita 300. Tuliimba njia nzima.

Tangazo lenu liliahidi saa tano za kutembea kwa utaratibu, kiongozi mwenye leseni anayeujua muziki wa dansi, nyumba na kumbi ambamo Mbaraka aliishi na kupiga, na mazungumzo na mzee aliyemfahamu. Kwa ahadi hizo, malalamiko yetu ni haya.

1. Tulisimuliwa mambo yasiyo kweli, na tulisimuliwa kwa uhakika.

Mbele ya jengo la kwanza tuliambiwa kwamba Mbaraka ndiye mwanzilishi wa Morogoro Jazz. Haikuwa hivyo. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Yeye aliingia katika bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960 akiwa kijana, akaipandisha kwa gitaa lake la solo, kwa sauti yake na kwa tungo zake, hadi mwaka 1970 ikapelekwa Japan kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Osaka. Bendi aliyoianzisha mwenyewe ni Super Volcano, mwaka 1973, baada ya kuachana na Morogoro Jazz. Katika maelezo tuliyopewa, Osaka haikutajwa, na Super Volcano haikutajwa hata mara moja. Sijui mtu anawezaje kuuza matembezi ya Mbaraka akaacha nje bendi aliyokuwa akiiongoza hadi siku anafariki.

Hilo tungeweza kulimeza. Lililotushinda ni kituo cha nne. Tulisimamishwa kando ya barabara, tukaombwa tukae kimya kidogo, kwa maelezo kwamba hapo ndipo gari lilipopata ajali iliyomuua. Wenzetu wawili waliinama wakagusa udongo. Dereva wetu wa zamani wa malori, ambaye ameona ajali nyingi katika barabara hiyo, alivua kofia. Waheshimiwa, Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa, nchini Kenya, Januari 1979, kutokana na ajali ya gari iliyotokea hukohuko, akiwa na umri wa miaka 34. Wala si siri kwamba kazi zake zilimfungamanisha sana na Kenya, kwa kuwa Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Santuri zake zilitengenezwa Nairobi, na mashabiki wake wa upande ule wa mpaka walikuwa wengi kama wa upande huu. Nusu saa ya kuuliza ingetosha kuwaepusha na kosa hilo.

Nadhani ninajua lilikotoka. Morogoro ilimpoteza mwanamuziki mwingine mkubwa kwa ajali ya gari, naye ni Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Aliyewaandikia maelezo yale alichanganya vifo viwili vilivyopishana kwa miaka 13, na hapakuwa na mtu katika ofisi yenu wa kumwuliza. Mliwaliza watu wazima juu ya udongo usiohusika.

2. Cuban Marimba ilifutwa, kisha muziki wake ukapigwa kwa jina la mtu mwingine.

Kijana aliyetuongoza alikuwa na spika ndogo begani. Katika kituo cha tano alipiga wimbo akasema ni wa Mbaraka wa miaka yake ya mwanzo. Kuna bibi mmoja mwenzetu ambaye alizaliwa Morogoro na kuolewa Iringa. Ujana wake ameucheza katika dansi za mji ule. Alisikia mapigo mawili matatu, akasema, "Huyo si Mbaraka, mwanangu. Huyo ni Salum." Kijana akamjibu kwa adabu kwamba ndivyo alivyoandikiwa. Bibi akaanza kueleza, na sisi tukamzunguka. Alisema mji ule ulikuwa na bendi mbili kubwa, na vijana wake waligawanyika kwa bendi hizo kama wanavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga, hata katika nyumba moja. Alieleza jinsi Salum alivyopenda santuri za Kikuba zilizokuwa zikiuzwa Afrika Mashariki, akaanzisha kundi lake mwaka 1948 kwa jina la La Paloma kabla halijawa Cuban Marimba, na jinsi Juma Kilaza alivyoishika bendi baada ya Salum kufariki. Kisha akatueleza tofauti kwa masikio: kwa Salum unasikia rumba inayokwenda kwa utulivu na waimbaji wanaopokezana, ilhali kwa Mbaraka gitaa la solo linakaa mbele, linauliza na kujijibu, na maneno ya wimbo yanaingia kama mtu anayesimulia mkasa wa jirani yake.

Wapita njia walianza kusimama. Mzee muuza kahawa aliweka birika lake chini akasikiliza, kisha naye akachangia, akamtajia bibi majina ya wachezaji dansi waliokuwa maarufu mtaani kwao, wakacheka wote wawili. Kwa dakika kumi hivi tulipata hasa kile kilichotutoa Iringa. Ndipo simu ya kijana ikalia. Alikuwa msimamizi wenu, aliyekuwa akitufuata kwa gari, akimwambia kwamba ratiba inachelewa na kwamba wageni wasiruhusiwe kuhutubia. Kijana akatueleza huku akiona haya. Bibi alisema, "Samahani, wanangu," akanyamaza. Hakusema neno tena hadi tulipofika Mikumi wakati wa kurudi.

Nimelikaza jambo hili kuliko mengine kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukubwa wa Mbaraka hauelezeki bila Salum Abdallah na bila ushindani wa bendi mbili katika mji mmoja; kijana anayeanza gitaa Morogoro ya miaka ya 1960 alikuta kiwango kimeshawekwa, na watu waliojua kuhukumu wakiwa wamekaa mbele ya jukwaa. Ya pili ni kwamba mlikuwa na shahidi aliye hai, tena aliyelipa shilingi 60,000 kuwa pale, mkamnyamazisha ili karatasi yenye makosa iendelee kusomwa.

3. Mlitusimamisha kwenye uwanja wa watu bila hodi.

Kituo cha tatu kilikuwa nyumba ambayo, kwa maelezo yenu, Mbaraka aliwahi kupanga chumba. Ndani ya uwanja wa nyumba hiyo kulikuwa na mama anafua, na watoto wawili wanakula. Tuliambiwa tupige picha. Baadhi yetu tulisita. Wengine, nakiri, walipiga. Yule mama akainuka akauliza sisi ni akina nani na tunatafuta nini, akasema kwamba hii ni mara ya nne mwezi ule watu kusimama kwake wakinyoosha simu, na kwamba tangu aingie katika nyumba ile hajawahi kusikia habari ya Mbaraka kuishi humo, wala hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa. Kijana hakuwa na jibu. Mimi ndiye niliyeingia kuomba radhi kwa niaba ya wenzangu, na nilipouliza, mkazi wa nyumba ya pili alisema kuna kikundi kingine cha wageni kilichoonyeshwa nyumba tofauti kabisa, katika mtaa mwingine, kwa maelezo yaleyale.

Sitadai kuijua nyumba sahihi. Ninachojua ni kwamba mtu mwenye ushahidi wa nyumba moja haonyeshi mbili, na kwamba katika mji wowote wa Waswahili mtu hakanyagi uwanja wa mwenziwe kabla ya kubisha hodi. Mkipata wageni wa kigeni wasioijua desturi hiyo, ninyi ndio mnaopaswa kuwafundisha.

4. Saa tano ziligeuka saa moja na dakika arobaini.

Nina saa, na niliandika. Mzee aliyeahidiwa hakutokea. Tuliambiwa anaumwa, na baadaye kijana akatuambia kwamba hakuna mzee yeyote aliyewahi kuwekwa kwenye ratiba. Ukumbi wa dansi tulionyeshwa kwa kunyooshewa kidole kutoka ng'ambo ya barabara.

5. Kijana mliyemtuma hakupewa chochote cha kufanyia kazi.

Naomba msimwadhibu kwa barua hii. Alikuwa mpole, aliwasaidia wazee kuvuka barabara, na alipokosolewa hakubisha. Lakini alitueleza mwenyewe kwamba alipewa karatasi moja aikariri kwa siku mbili, kwamba hana leseni ya kuongoza watalii ingawa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inaitaka, na kwamba ujira wake ni kile ambacho wageni wanampa mkononi. Tulimchangia. Aliponishukuru aliniuliza ni wapi angeweza kujifunza habari za bendi hizi, na swali hilo, linalotoka kwa mtu anayelipwa kuzisimulia, lingepaswa kuulizwa na ninyi kwanza.

6. Nyimbo zina wenyewe.

Spika ile ilipiga nyimbo saba hadharani kama sehemu ya bidhaa mnayoiuza. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki mwaka 1979, hivyo tungo zake zinalindwa hadi mwaka 2029, na warithi wake wana haki ya kupata mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi, zinapotumika kibiashara. Nilipomwuliza msimamizi wenu kama mna kibali cha kuzipiga hadharani, alisema nyimbo hizo ni za zamani na hazina mtu. Wanamuziki wa kizazi kile wengi walikufa bila mali, na familia zao zimezoea kusikia kazi za wazazi wao zikipigwa kwenye baa, kwenye mabasi na kwenye simu bila senti kuwafikia. Kampuni inayojitangaza kuwa inaenzi urithi wa Mbaraka isingepaswa kuwa ya kwanza kusema kwamba nyimbo zake hazina mtu.

7. Sasa mnataka kuja Iringa.

Hili ndilo lililonifanya niketi kuandika. Wiki iliyopita tumeona tangazo lenu jipya: mnakusudia kuanzisha matembezi ya namna hiyohiyo hapa kwetu, mkiunganisha mji wa Iringa na Isimani, kwa sababu Morogoro Jazz iliwahi kupiga wimbo wa kumwomboleza Dkt. Wilbert Kleruu. Tangazo linaahidi kuwafikisha wageni "mahali damu ilipomwagika" na kuwapigia wimbo huo papo hapo.

Niruhusuni niwaeleze mnachotaka kukigusa. Dkt. Kleruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Aliuawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971 shambani Isimani, kaskazini mwa mji, upande wa barabara ya Dodoma, na aliyemwua, mkulima Saidi Mwamwindi, aliupeleka mwenyewe mwili wake polisi mjini Iringa. Alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa. Nyuma ya tukio hilo kulikuwa na jambo zito, nalo ni kuhamishiwa wakulima wa mahindi wa Isimani katika vijiji vya ujamaa, na mashamba yaliyokuwa ya watu binafsi kuwa ya pamoja. Wapo hapa Iringa watu wanaomkumbuka Kleruu kama kiongozi aliyefia kazini, na Chuo cha Ualimu kinaitwa kwa jina lake. Wapo pia wanaoikumbuka hasira ya mkulima aliyeona shamba lake linaondoka. Watu hawa wanaishi mtaa mmoja, wanakaa msibani mkeka mmoja, na kwa zaidi ya miaka 50 wamejifunza kuzungumza habari hii kwa sauti ya chini na kwa kupima maneno. Wapo ndugu wa pande zote mbili. Mwalimu mwenzangu aliyefundisha Isimani kwa miaka mingi aliniambia kwamba aliwahi kuligusa darasani, akaona mtoto mmoja amejiinamia mezani. Tangu siku hiyo, kila alipofika hapo katika somo, alikwenda kwanza kuzungumza na wazazi.

Sisemi historia hiyo isisimuliwe. Mimi ni mwalimu, na nimeumia mara nyingi kuona watoto wa Iringa wakimaliza shule bila kuijua. Wimbo ule wenyewe ni ushahidi wa jinsi bendi za dansi zilivyokuwa gazeti la wananchi: jambo likitokea mkoani, muda si mrefu linasikika katika redio likiwa na gitaa na sauti ya huzuni, na mtu asiyejua kusoma analipata. Hayo yanastahili matembezi, yakiongozwa na mtu anayejua anachokisema na aliyekubaliwa na wenyeji. Lakini kampuni iliyotuonyesha ajali ya Mombasa katika barabara ya Morogoro itafanya nini ikisimama juu ya kaburi la mtu au kwenye shamba la familia, mbele ya wajukuu? Morogoro kosa lenu lilimwumiza bibi mmoja na kumkera mama aliyekuwa akifua. Isimani kosa kama hilo linaweza kuwagombanisha watu ambao ninyi mtakuwa mmeshaondoka na kuwaacha.

Najua mtakayoyasema, kwa sababu baadhi yake aliyasema yule aliyetupigia simu.

Mtasema kumbukumbu za muziki wa zamani hazipatikani. Zinapatikana kwa anayezifuata. Kanda zilizorekodiwa na Redio Tanzania ziko katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Magazeti ya miaka hiyo, Uhuru na Ngurumo, yaliandika habari za bendi, na maktaba zipo. Zaidi ya hayo, Morogoro bado ina watu waliocheza katika dansi hizo. Sisi tulimpata mmoja akiuza kahawa, bila kumtafuta, katika kituo chenu cha tano.

Mtasema matembezi ni burudani, si darasa la historia. Nakubali kwamba mtu anayetembea juani hahitaji mhadhara, lakini burudani mliyoiuza ilikuwa ni kusimama mahali halisi. Mahali pasipokuwa halisi, hakuna kilichouzwa. Ni sawa na muuza asali ya Iringa anayejaza chupa maji ya sukari, kisha akamwambia mnunuzi kwamba utamu ni utamu.

Mtasema wageni wengi, hasa wa kutoka nje, hawajui tofauti na wanaondoka wakiwa na furaha. Hoja hiyo ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mgeni asiyejua ndiye anayestahili uangalifu zaidi, kwa sababu hana namna ya kujilinda, na atakwenda kuyasimulia kwao mliyomweleza kama yalivyo.

Na mkisema kwamba shilingi 60,000 hazitoshi kumlipa mtafiti, kiongozi mwenye leseni, mzee na mirabaha, basi semeni bei inayotosha. Wapo watakaoilipa. Sisi tungeweka kwenye kibubu miezi mingine mitatu.

Tunachokiomba kinawezekana. Kwanza, mwende mkamwombe radhi yule mama wa kituo cha tatu, na mumwandikie bibi yetu barua ya kumwomba radhi yeye binafsi. Nitaipokea na kumsomea, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Pili, mturudishie nusu ya malipo, yaani shilingi 30,000 kwa kila mtu, jumla shilingi 570,000, kwa kuwa hata nusu ya muda na ya mambo mliyoyaahidi hatukuipata. Tatu, msimamishe matembezi ya Morogoro hadi maelezo yake yaandikwe upya, mkikaa na wazee wa mji huo na kuwalipa kwa muda wao kama mnavyomlipa mtu yeyote mwenye utaalamu, na mkiwa tayari kumwambia mgeni "hapa hatuna uhakika" pale ambapo uhakika haupo. Nne, mumlipe kijana wenu mshahara, mumsomeshe na mumkatie leseni. Ana moyo wa kazi hii. Tano, mpate kibali cha kupiga nyimbo hizo hadharani kabla spika haijawashwa tena.

Kuhusu Iringa, tunaomba jambo moja tu, nalo halina nusu. Mliondoe tangazo lile leo, na msilirudishe kabla hamjafika wenyewe kuketi na familia zinazohusika, na viongozi wa vijiji vya Isimani, na ofisa utamaduni, na kupata jibu lao. Jibu hilo likiwa hapana, mlipokee kama hapana.

Tunawapa siku 21 tangu tarehe ya barua hii kutujibu kwa maandishi. Zikipita bila jibu, tutapeleka malalamiko yetu, pamoja na risiti zenu, tangazo lenu na nakala ya barua yenye muhuri wenu, kwa Tume ya Ushindani kama walaji tuliouziwa kisichokuwapo, na kwa mamlaka ya leseni za utalii. Tumekwisha kuyapanga katika faili moja.

Bibi ameniomba niongeze hili kwa niaba yake, nami naliandika kama alivyolisema: mkiamua kuyaandika maelezo upya, yeye yuko tayari kusafiri tena hadi Morogoro kwa nauli yake mwenyewe, kukaa na kijana wenu siku nzima na kumwonyesha kumbi alizozicheza, moja baada ya nyingine, kwa miguu, maadamu magoti bado yanamruhusu.

Wenu katika kuupenda muziki wa dansi,

Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu
Kihesa, Iringa

Nakala: wanakikundi wote 19